Nimeitwa mahojiano Upper Hill, na ya kwanza niliyavuruga

Mama, pokea salamu kutoka Kayole.

Mimi ni kijana wa miaka 21, nasomea stashahada ya uhasibu katika chuo kimoja cha hapa Nairobi. Muhula ujao, kuanzia Mei hadi Agosti, ni wa uanagenzi, ile tunayoita atachimenti, na usipoifanya huhitimu. Wenzangu wengi tayari wamepata. Wengine wana baba, wengine wana shangazi aliye ofisi fulani, wengine sijui waliipataje na hawasemi. Mimi nimezunguka na bahasha ya kaki kuanzia Industrial Area hadi Westlands. Mara nyingi sivuki hata lango: soja anapokea barua, anaiweka chini ya kitabu cha wageni, basi.

Mwezi uliopita kampuni moja iliniita. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Walikuwa watatu mezani. Maswali ya kwanza yalienda vizuri, nikaeleza ninakosoma na masomo ninayofanya. Halafu mama mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Ungependa kujifunza nini hapa kwetu?" Nikamjibu kwamba niko tayari kujifunza chochote na kufanya kazi yoyote watakayonipa, hata kufagia. Nilidhani ni jibu la unyenyekevu. Walitazamana, yule mama akafunga faili, wakaniambia watanipigia. Hawakupiga. Nikawa nawapigia mimi kila asubuhi, hadi dada wa mapokezi akaniambia kwa ukali nikome. Nilichoma, kama tunavyosema sisi vijana, lakini hadi leo sielewi nilichomea wapi.

Sasa Mungu amenikumbuka. Ofisi moja ya wakaguzi wa hesabu iliyoko Upper Hill imenitaka nifike Jumatano ijayo. Shida ni kwamba walipiga nikiwa ndani ya matatu, muziki uko juu, sikusikia kama ni saa tatu au saa nne. Nikasema "sawa sawa", simu ikakatika. Naogopa kupiga niulize wasije wakaniona mzembe.

Nina maswali, Mama. Kwanza, mavazi. Nina suti moja, ya marehemu baba, na mabega yake yananipwaya. Pili, tangazo lao linataka mtu anayejua QuickBooks, ile programu ya kompyuta ya hesabu. Mimi sijawahi kuigusa. Chuoni tulifundishwa Excel na kuandika madaftari kwa mkono. Dada yangu anasema niseme tu kwamba naijua, nitajifunzia huko huko, kwa sababu Nairobi hii kila mtu anadanganya. Tatu, mjomba wangu ni dereva wa bosi mmoja katika jengo hilo hilo, na anataka bosi wake aongee na wakubwa wa ile ofisi ili njia ifunguke. Nne, hawajasema kama kuna malipo yoyote. Mama yangu anauza mboga hapa sokoni na sioni nauli ya kila siku itatoka wapi, lakini nikiuliza habari ya pesa si wataniona nina tamaa?

Halafu Kiingereza changu huwa kinanipotea nikishikwa na woga, naanza kuchanganya na Sheng.

Uzoefu sina wowote. Labda tu vile namsaidia mama kuweka hesabu za chama chao cha akina mama, wanaochanga kwa M-Pesa kila wiki. Hiyo si kazi ya maana. Kuna mwezi pesa zilipungua shilingi 600 wakaanza kushukiana, nikakesha na taarifa za M-Pesa nikakuta mmoja alikuwa ametuma kwa simu ya mama badala ya tili ya chama. Lakini hayo ni mambo ya mtaani tu.

Nisaidie. Hii nikiikosa sijui nitamwambia nini mama.

Mwanafunzi, Kayole

*

Mwanangu wa Kayole,

Kabla ya yote, piga simu leo. (Jibu hili lote nimeshakutumia kwa barua pepe, maana Jumatano haingoji zamu ya safu.) Tafuta mahali pasipo kelele, piga katikati ya asubuhi, taja jina lako, sema walikupigia kuhusu mahojiano ya Jumatano ukiwa safarini na saa hukuisikia vizuri, omba uthibitishiwe saa, ghorofa na jina la utakayemwona. Shukuru, kata. Anayepokea simu pale huulizwa mambo kama hayo kutwa na hatakuwekea kinyongo. Anayeudhi ni yule anayeingia saa nne akitabasamu kumbe aliitwa saa tatu. Siku nyingine simu ikikukuta kwenye matatu, sema, "Samahani, niko barabarani na kuna kelele, naomba nikupigie baada ya dakika kumi." Ikibidi, shuka. Nauli ya kupanda gari jingine ni nafuu kuliko usingizi unaoukosa sasa.

Tuje kwa yule mama mwenye miwani.

Nimekaa upande wake wa meza kwa miaka mingi, katika idara za wafanyakazi za ofisi tofauti mjini humu, na jibu ulilompa nimelisikia hadi nikalichoka. "Niko tayari kufanya kazi yoyote." Kijana anaona ameonyesha unyenyekevu. Aliyeketi mbele yake anasikia mengine kabisa: huyu hajui tunafanya nini hapa, na hata hajajiuliza. Hebu mfikirie huyo mama. Mwanagenzi, hata asipolipwa senti, ana gharama. Anataka kiti, kompyuta na nywila, na zaidi ya hayo anataka mtu aache shughuli zake amfundishe, kisha arudi kukagua alichofanya. Katika ofisi ndogo mtu huyo ndiye huyo huyo anayengojwa na mteja saa nane. Kwa hiyo anapokuuliza ungependa kujifunza nini, anapima kama asubuhi atakayokupa itamrudia. Ukisema "chochote", umemwongezea kazi: sasa akutafutie yeye mwenyewe la kufanya.

Na wale wa "chochote" wakikubaliwa, unajua hupewa nini? Hicho hicho. Nimewaona wakimaliza miezi mitatu kwenye mashine ya kutoa nakala, na siku ya kusainiwa kitabu cha kumbukumbu, msimamizi anakuna kichwa hajui aandike kijana alijifunza nini. Chuo nacho kinakuja kutathmini, kinakuta kurasa zimejaa "kupanga faili". La kufagia ndilo lililonishangaza zaidi. Ni kazi halali na ina mwenyewe anayekula kwayo; wewe hukuitiwa hiyo.

Sasa rudi kwenye barua yako, pale karibu na mwisho. Umeandika kwamba uzoefu huna wowote, kisha ukanisimulia, kama mtu anayeomba radhi, kwamba ulikesha ukilinganisha taarifa za M-Pesa na hesabu za chama hadi ukajua shilingi 600 zimepotelea wapi. Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mkaguzi huchukua daftari la fedha la mteja, akachukua taarifa ya benki, akaziweka kando kwa kando, akatafuta kisicholingana, akauliza kwa nini. Wewe umelifanya hilo huku watu wazima wakishukiana sebuleni, na ukalimaliza bila chama kuvunjika. Wapo wenye digrii ambao hawajawahi kushika hesabu iliyomnyima mtu usingizi.

Basi Jumatano wakisema "tueleze kuhusu wewe", au "una uzoefu gani", usianze na shule ya msingi uliyosoma. Anza hapo. Eleza chama kina watu wangapi na wanachanga vipi, nini hakikulingana, ulianza kutafuta wapi na kwa nini hapo, ulikipata vipi. Halafu sema mlibadilisha nini baadaye. Je, sasa unalinganisha kila wiki, au mnangoja tena mwezi uishe? Hapo ndipo watakapokusikiliza kwa makini, kwa sababu kugundua pesa zimepungua ni jambo moja, na kuziba zilikopitia ni jingine, na hilo la pili ndilo wateja hulilipia. Kama hamkubadilisha kitu, anza wiki hii, na uwaambie ni wiki hii ulipoanza.

Ila usiende na daftari lenyewe. Najua utashawishika. Lina majina ya akina mama hao, nambari zao za simu na michango yao. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini hata isingekuwapo, mkaguzi akikuona unafunua siri za majirani zako ili upate nafasi, atajiuliza utafunua nini za wateja wake. Tengeneza karatasi moja ya Excel yenye majina ya kubuni: safuwima ya daftari, safuwima ya M-Pesa, safuwima ya tofauti, na ule mstari wa 600 uupake rangi. Ichapishe kwenye saiba, nakala mbili. Itoe tu wakikuuliza ulifanyaje.

Kuhusu QuickBooks, dada yako anakupenda lakini hapa anakupoteza. Hakuna uongo mwepesi kunaswa kama uongo wa programu ya kompyuta. Mtu anageuza skrini ikutazame na kusema, "Hebu niingizie ankara hii." Imekwisha. Tena utakuwa mbele ya wakaguzi, watu wanaolipwa kushuku. Sema ukweli, na uupe miguu: "QuickBooks sijaitumia kazini. Nimezoea Excel, na wiki hii nimeanza kujifunza QuickBooks mwenyewe." Kisha uhakikishe ni kweli umeanza. Kampuni inayoitengeneza hutoa kipindi cha majaribio bila malipo. Jioni mbili zinatosha kufungua biashara ya kubuni, tuseme kibanda cha mboga, ukaandika ankara, ukarekodi malipo, ukafanya ulinganisho wa benki mara moja. Utakuta debiti na krediti ni zile zile za mwalimu wako, ila programu inazifanya nyuma ya pazia. Wakiuliza umeonaje, utakuwa na la kusema.

Jambo jingine ambalo waombaji karibu wote hulipuuza ni kalenda ya ofisi wanayoiomba. Wewe unataka kuanza Mei. Kampuni nyingi hapa nchini hufunga mwaka wa hesabu tarehe 31 Desemba, na marejesho yao ya kodi ya mapato hutakiwa KRA, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 30 Juni, siku ile ile ya mwisho kwa mtu binafsi. Maana yake utaingia ofisini humo wakati kila mtu anakimbia. Juu ya hiyo kuna PAYE, kodi ya mishahara, kufikia tarehe 9 ya kila mwezi na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kufikia tarehe 20, na wafanyabiashara wadogo ambao ankara za eTIMS, ule mfumo wa kielektroniki wa KRA, bado zinawatoa jasho. Haya umeyasoma darasani kwa ajili ya mtihani. Sasa yatumie kumjibu yule mama mwenye miwani, kwa maana bila shaka naye yuko Upper Hill, kwa sura nyingine:

"Ningependa kujifunza namna mnavyolinganisha hesabu za mteja na ushahidi wake, hasa ankara, taarifa za benki na za M-Pesa, kwa kuwa hilo nimelionja kidogo. Najua nitakuja mkiwa katika marejesho ya Juni, kwa hiyo naweza kuanza kwa kupanga na kuhakiki hati za mteja mmoja ili anayenisimamia asipoteze muda wake."

Usilikariri neno kwa neno, litasikika kama shairi la tamasha. Shika mambo mawili tu: unachotaka kujifunza, na mahali utakapowapunguzia mzigo tangu wiki ya kwanza. Ukishayasema hayo, ongeza kwamba kazi nyingine za ofisi hutazikataa. Wakati huo sentensi hiyo itakuwa adabu, maana wameshajua unaweza nini.

Ukiwa bado unaichunguza ofisi, angalia kama imo katika orodha ya kampuni za ukaguzi zilizosajiliwa na ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya. Inapatikana kwenye tovuti yao. Hii ni kwa usalama wako. Kuna vijana wanaotapeliwa na watu wanaodai ada ya usajili au ya kushikiwa nafasi. Anayekuomba pesa ili akupe uanagenzi hana uanagenzi.

Mjomba. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kuzungusha bahasha ya kaki Westlands. Sikudanganyi kwamba kujuana hakuna kazi mjini humu. Ningekuwa natusi akili yako na ya hao wenzako wasiosema walipataje. Lakini wewe tayari umeitwa, na hukuitwa na mjomba. Bosi wake akiingilia kati sasa, aliyeichagua barua yako kwa hiari ataona analazimishwa, na ukikosea kidogo hapo baadaye lawama zitashuka hadi kwa dereva. Naye anaishi kwa kazi hiyo. Mwombe msaada mwingine ambao yeye tu anaweza kuutoa: lango lipi hutumiwa na wageni, kitambulisho huachwa wapi, foleni ya pale chini huchukua muda gani asubuhi, lifti gani hufika ghorofa hiyo. Ukiyajua hayo hutafika mezani ukihema.

Na soja wa lango, wewe mwenyewe umeona nguvu aliyonayo juu ya barua. Msalimie kwa heshima, andika jina lako vizuri kitabuni mwake. Dada wa mapokezi vivyo hivyo. Mgombea akishaondoka, mimi nilikuwa na mazoea ya kutoka nje na kumuuliza wa mapokezi, "Huyo umemwonaje?" Sikuwa peke yangu. Waliotabasamu ndani na kumfokea aliye nje tuliwajua hivyo.

Kiingereza chako hakijapotea. Masomo yako yote yako katika lugha hiyo, kwa hiyo maneno ya kazi unayo. Yanayokukimbia ni yale madogo ya kuunganisha. Dawa yake ni sentensi fupi. Simulia kisa cha chama kwa Kiingereza, kwa sauti, ujirekodi kwenye simu, usikilize, urudie hadi kitiririke. Usiongee kwa pua kuiga mtu wa redioni. Swali usipolielewa, omba lirudiwe, na ukitaka kufikiri kidogo, fikiri. Kimya cha kuhesabu hadi tatu hakijamnyima mtu nafasi. Neno la Kiswahili likiponyoka, endelea mbele. Sheng iache kwa makanga.

Mavazi yasikusumbue. Pole kwa kufiwa na baba, lakini suti yake iweke hadi fundi aipunguze mabega, na hiyo si kazi ya wiki moja. Hakuna anayemdai mwanafunzi suti. Shati jeupe au la samawati lililopigwa pasi, suruali nyeusi inayokukaa, mkanda, viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi. Kama huna, nenda Gikomba alfajiri wakati marobota ya mitumba yanafunguliwa, kabla kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, haijaisha, na fundi wa pembeni akukatie suruali hapo hapo. Aprili hii ni ya mvua, kwa hiyo toka Kayole na viatu vya matope, vile vizuri viwe kwenye mfuko. Unajua pia manyunyu yakianza tu nauli hupanda na barabara husimama. Panga kufika mjini saa nzima mapema, ubaki na mlima wa kutoka Railways hadi Upper Hill ambao utaupanda polepole bila kuloa jasho.

Beba barua ya utambulisho ya chuo, nakala ya bima ya wanafunzi kama chuo kimekupa, matokeo yako na kitambulisho. Cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi, usikimbilie kukilipia kabla hujaambiwa kinahitajika. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yaliwaruhusu waajiri kudai vyeti vya aina hiyo kwa mtu ambaye tayari wanakusudia kumpa mkataba, si kwa kila anayebisha hodi.

Sasa pesa, na hapa sitaki uone haya. Kukuambia "usiulize habari ya malipo" ni ushauri wa watu wasiopanda matatu. Tuseme nauli yako ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, kwa siku 22 za kazi. Hizo ni 4,400 kwa mwezi kabla hujaonja hata chapati, na zitatoka kwenye mboga za mama. Mhasibu asiyejua gharama yake mwenyewe atanishangaza. Kinachotakiwa ni kuchagua wakati. Usiulize wao wakiwa bado wanakupima. Wakikuambia wamekukubali, au mwishoni wakikupa nafasi ya maswali na mazungumzo yameonekana kwenda vizuri, sema, "Ningependa kujua kama ofisi huwasaidia wanagenzi na nauli au chakula cha mchana. Nauliza ili nijipange mapema." Kisha nyamaza. Wakisema hapana, usikunje uso. Uliza kama kuna siku unazoweza kufanyia kazi nyumbani, au kama saa za kuingia zinaweza kusogea ukwepe nauli ya asubuhi. Ofisi nyingi hukubali hilo la saa kuliko kutoa shilingi. Na ukipiga hesabu ukaona haiwezekani kabisa, heri ujue Aprili kuliko kuacha katikati ya Juni na chuo kikuhesabie umeshindwa.

Limebaki suala la kufuatilia, ambalo ndilo lililomkasirisha yule dada wa mapokezi. Kupiga kila asubuhi hakumwonyeshi mtu bidii yako. Yeye hana uamuzi wowote mikononi, na kila ukipiga unamlazimisha aseme "bado" kwa niaba ya wakubwa wake. Jumatano, kabla hujatoka chumbani, uliza wewe mwenyewe, "Ningetarajia jibu kufikia lini?" Iandike tarehe hiyo. Jioni hiyo hiyo tuma barua pepe fupi ya shukrani kwa aliyekuhoji, utaje jambo moja mliloongea ili akukumbuke, na uangalie anwani unayotumia; kama bado ni ile ya utani uliyofungua ukiwa kidato cha pili, fungua nyingine leo. Tarehe waliyokupa ikipita, subiri siku mbili za kazi, kisha andika au piga mara moja tu. Baada ya hapo waache, na uendelee kupeleka barua kwingine, maana hata Jumatano ikienda vizuri hujasaini kitu. Na mjomba mwambie asipande ghorofani kukuulizia.